Mhubiri Aliyeogopa Maji

Kabla ya kuwa mhubiri wa redio, Silas aliendesha mashine ya kusaga mahindi Tarasaa. Huko ndiko alikoipata ile sauti yake nene, maana pale asiyepaza sauti hasikiki. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja mjini Garsen, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Kila alfajiri wakulima wa kando ya mto walifungulia redio kumsikiliza wakinywa chai, halafu ndio washike majembe.

Jambo moja hakuwahi kulisema hewani: aliuogopa mto. Akiwa na miaka tisa alimwona mamba akimvuta shangazi yake alipoinama kuchota maji. Tangu siku hiyo hakupanda mtumbwi tena.

Novemba ile mto Tana ulipofurika, Silas alihubiri siku tatu mfululizo juu ya kutoogopa maji. "Msiogope," alirudia. "Aliyewaweka hapo anawaona." Alitaka kuwatuliza watu, na wengi walipiga simu kumshukuru.

Siku ya nne, alipotoka studio, alimkuta mwanamke mlangoni, kanga imelowa mpaka kifuani.

"Mchungaji, mimi ni Hope, binti wa Mzee Enos. Kijiji kizima kimehamia kwenye mwinuko. Baba amekataa. Anasema wewe umesema tusiogope."

"Mwambie nimesema ahame."

"Nimemwambia. Anasema namsingizia."

"Mpigie, niongee naye."

"Simu haina chaji tangu juzi. Maji yameshafika kizingitini, Mchungaji."

Alitafuta sababu ya kutokwenda. Aliipata moja, akaipata ya pili, lakini Hope alikuwa anamtazama tu.

Adhuhuri walikuwa ndani ya mtumbwi. Hope alisimama nyuma akisukuma kwa upondo, ule mti mrefu unaofika chini ya maji. Silas alikaa katikati, ameshika kingo mbili mpaka vidole vikamwuma. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamezama, zimebaki ncha tu. Mzoga wa mbuzi ulipita umefura. Kisha gogo moja jeusi, mbele yao kidogo, likazama bila sauti.

"Lile lilikuwa gogo?" Silas aliuliza.

Hope aliuchomoa upondo taratibu, akangoja. Mtumbwi ulizunguka nusu. Silas alijaribu kuomba, akajikuta amesahau maneno yote isipokuwa jina la mama yake. Maji yaligonga ubao mara moja, pale pale chini ya makalio yake. Kisha kimya. Hope akaanza kusukuma tena, haraka sasa.

Mzee Enos walimkuta juu ya kitanda, maji yamefika kwenye mbao zake. Aliitambua sauti kabla ya sura.

"Kumbe ni wewe! Hope, nilikwambia Mchungaji hatatuacha."

"Mzee wangu, panda tuondoke."

"Niondoke vipi? Wewe mwenyewe umesema nisiogope."

"Nilisema." Silas alisogea kando ya kitanda. "Nilisema nikiwa Garsen, nimekaa kwenye kiti kikavu. Mimi naogopa, mzee. Naogopa tangu utoto. Tazama suruali yangu."

Mzee alitazama. Suruali ilikuwa imelowa mahali ambapo maji ya mto hayakufika. Kisha akateremka kitandani mwenyewe.

"Basi tuondoke," alisema, "kama na wewe unaogopa."

Kabla hawajafika mbali, ukuta wa nyuma wa nyumba ulianguka. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Kesho yake Silas hakuhubiri. Aliwaambia wasikilizaji kwamba alikosea, kwamba alikuwa ameuona mto kwa macho yake, na wahame siku hiyo hiyo. Alitaja vijiji kimoja kimoja. Maurine, msimamizi wa kituo, aliona muda wa kipindi umekwisha, akamwashiria aendelee.

Wapo waliompigia kumwambia imani yake ni haba. Hakubishana nao. Mmoja tu ndiye aliyemtia hofu zaidi: mama aliyeuliza kwa upole ni njia gani bado inapitika kutoka kwao, naye Silas hakujua. Simu ikakatika kabla hajamwuliza jina. Alipiga namba ile mchana kutwa, na kesho yake tena. Siku ya tatu ilipokelewa, na yule mama akasema wapo salama, wako kwenye kambi ya waliohama, watoto wana homa.

Silas aliweka simu chini, akaketi sakafuni.