Kiingereza cha Kuongea na Mjukuu

Mtaani walimwita Mama Pasi, kwa kuwa alikuwa amepiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini, na hata nyumbani kwake hakuvumilia kuona nguo iliyokunjamana. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyeolewa ng'ambo na kuzaa huko mtoto wa kike. Binti yule alifariki akiwa na miaka thelathini na mmoja, kwa ugonjwa wa wiki mbili, na mama yake hakuwahi kuliona kaburi. Alibaki mjukuu wa miaka sita. Baba yake alimruhusu azungumze na bibi kwenye simu kila Jumapili mchana, ila mtoto hakujua lugha nyingine zaidi ya Kiingereza.

Jumapili ya kwanza walitazamana tu kwenye kioo cha simu. Mtoto alisema mengi, bibi akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Simu ilipokatika alijitupia mtandio, akavuka barabara mpaka kwa mwalimu mstaafu, jirani yake wa siku nyingi, akamwambia leo hakuja kuomba chumvi. Alitaka afundishwe Kiingereza, tena haraka.

Mwalimu alikuwa mtu wa utaratibu. Alimweleza kwamba maneno yote ya lugha ile yamegawanyika aina nane, na ukizijua hizo hupotei. Basi kila alipotoka kazini, Mama Pasi alikwenda kuketi kibarazani kwa mwalimu, daftari mapajani. Nomino zilimwingia upesi kwa sababu alizishika siku nzima: shuka, taulo, foronya. Vitenzi alivifanyia mazoezi palepale kazini, akinong'ona kila alichofanya, mpaka wenzake wakasema mvuke wa pasi umempanda kichwani. Vivumishi vilimchekesha.

"Hawa watu wana haraka gani," alimuuliza mwalimu, "wanataja rangi kabla hawajataja nguo yenyewe?"

Viwakilishi ndivyo vilivyompiga chenga. Sisi tukisema "yeye" tumemaliza. Wao wana yeye wa kiume na yeye wa kike. Kila Jumapili alichanganya, paka wa mjukuu akawa jike leo na dume kesho, na mtoto akaangua kicheko na kumsahihisha. Ikawa mchezo wao. Baadaye bibi alikosea makusudi.

Mwezi wa nne wa masomo mwalimu alimwambia atunge sentensi kumhusu mtu anayempenda. Akaandika kwamba binti yake ni mpole na anapenda kucheka. Mwalimu akasita, kalamu nyekundu mkononi. Vitenzi vile vilipaswa kuwa vya wakati uliopita. Alikohoa, akasema sentensi ni nzuri, akaiacha ilivyo. Kesho yake Mama Pasi alirudi na sentensi ileile, ameirekebisha mwenyewe.

"Uliogopa kunisahihisha," alimwambia, kisha akafungua ukurasa wa vielezi.

Kuna Jumapili moja mjukuu aliuliza mama yake alikuwaje alipokuwa mdogo. Bibi akamsimulia, kwa sentensi zake fupifupi, jinsi mama alivyokuwa akijificha ndani ya kapu la mashuka na kulala humo, watu wakimtafuta hospitali nzima. Mtoto alicheka, na kicheko kilikuwa cha mama yake mtupu. Halafu akaanza kulia, akauliza mama atarudi lini. Baba akaja akaichukua simu.

Jumapili iliyofuata simu iliita tu bila kupokewa. Jumatano, saa ya chakula, ukaingia ujumbe wa mkwe wake. Zamani angekimbia nao kwa mwalimu akasomewe. Sasa aliketi kwenye benchi la chumba cha kufulia, akausoma mwenyewe, akianza na kitenzi kama alivyofundishwa. Mkwe aliandika kwa adabu. Alisema mtoto halali vizuri baada ya simu zile, kwamba yeye anaoa tena, na anataka binti yake aanze upya. Akaomba bibi asipige tena.

Jioni alimpelekea mwalimu simu. Alimwonyesha neno moja dogo la kukanusha katikati ya sentensi ya mwisho.

"Hili labda sikulielewa," alisema. "Litazame vizuri, Mwalimu. Wewe ndiye unayejua."

Mwalimu alivaa miwani, akasoma, akarudia tena.

"Umesoma sawa, mama."

"Hakuna nilipokosea?"

Mwalimu alitamani apate kosa, hata la herufi moja. "Hakuna," alisema.

Alijitolea kumwandikia jibu, lakini Mama Pasi alikataa. Aliandika mwenyewe mistari mitatu, akaituma, na haikujibiwa. Daftari lilikuwa limebakiza aina mbili za maneno, hakurudi kuzisoma. Kazini aliomba zamu ya Jumapili mchana, ile ambayo kila mtu huikwepa, na mpaka leo hajaiachia.