Mashua Iliyokaliwa na Mkwe

Wiki iliyopita Mto Migori ulifurika hadi ukafunika daraja, na sisi walimu tunaoishi upande wa pili tukasimama ukingoni, viatu mikononi, tukibishana. Mmoja alisema kazi ni kazi. Mwingine akasema maji hayajui mwalimu wala mwanafunzi. Mwishowe tulirudi nyumbani, na mkuu wa shule bado amenuna. Mimi pale ukingoni nilikuwa nikimkumbuka bibi yangu, mama wa mama, alivyoketi juu ya mashua ya watu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, mvua iliponyesha bila kupumzika na ziwa likapanda likala mtama wetu. Tuliishi ufuoni, ng'ambo ya ghuba, mkabala na mji wa Homa Bay. Kila alfajiri wanaume wa ufuo wetu walivuka kwenda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, wote katika mashua moja ya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Baba ndiye aliyekuwa akiwasha injini ya kiwanda. Alirudi nyumbani akinuka mafuta, mama akilalamika, naye akiivaa harufu ile kama koti jipya. King'ora cha kiwanda kilipolia asubuhi na sauti yake ikateleza juu ya maji hadi kwetu, tulijua baba amefika salama.

Lakini mvua zile zilikuwa zimemchelewesha, na msimamizi alikuwa amemwonya: akichelewa tena, injini atapewa mtu mwingine, naye ataenda kubeba magunia.

Siku hizo bibi alikuwa amekuja kumtazama mama, aliyekuwa amejifungua. Alilala kwa jirani, kwa maana kwetu mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe. Baba hakula mbele yake, hakumpa mkono, na wakikutana njiani alipinda akapita vichakani. Hiyo haikuwa chuki. Ndiyo heshima yenyewe.

Asubuhi ninayoisema nilitumwa ufuoni nimpelekee baba uji wa safari. Upepo ulikuwa umekufa kabisa. Juu ya milima ya Gwasi wingu lilikuwa jeusi kama sufuria ya zamani, na chini yake ulining'inia mkia mwembamba uliogusa maji na kuzunguka. Ule tunauita nyakoi. Wanawake walikuwa tayari wanagonga madebe ili kuufukuza.

Wanaume walikuwa wameinama kuisukuma mashua majini. Bibi akashuka njiani taratibu, akawapita, akapanda, akaketi pale pale mbele wanapowekea mabega ili kusukuma. Akakunja shuka lake vizuri magotini.

Wote waliruka nyuma kana kwamba mbao zimeshika moto. Karibu kila mmoja wao alikuwa ameoa kwenye ukoo wa bibi. Yule alikuwa mkwe wao wote.

"Mama," baba akasema, ameangalia mchanga, "tunachelewa."

"Nendeni," bibi akajibu. "Nani amewashika?"

"Mama, umekalia chombo."

"Nimechoka. Mtu mzima hapumziki?"

Wakamgeukia nahodha, Mkuria mmoja kutoka upande wa Migori, ambaye tulisema naye Kiswahili.

"Wewe huna mkwe hapa! Mnyanyue mama, uheshimiwe!"

"Mimi?" akasema, naye akirudi nyuma. "Msichana ninayemposa ni mpwa wake. Mnataka nife bila mke?"

Wakacheka wote, hata bibi alificha mdomo kwa shuka. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa akiangalia ng'ambo, mahali ambapo bomba la kiwanda lilikuwa bado halijatoa moshi.

"Watampa mwingine injini," akasema polepole.

Bibi alisikia. Hakuinuka.

Kisha upepo ukaja. Uliwavua wanawake vitambaa vya kichwa, ukaling'oa bati la duka, na mawimbi yakaanza kuipiga mashua ikiwa bado mchangani na bibi yuko juu yake, ameshika mbao kwa mikono yote miwili. Tulikimbilia chini ya paa la kanisa. Yeye alishuka pale tu ghuba ilipogeuka nyeupe yote, asibakie mwanamume wa kujidanganya kwamba atavuka.

Ningependa kuandika kwamba mashua ya ufuo wa jirani, iliyoondoka mapema, ilizama. Haikuzama. Ilifika Homa Bay, watu wakichota maji kwa kofia na kutapika, kasia moja limekwenda na mawimbi. Mchana jua liliwaka, ziwa likatulia, na king'ora kililia kwa kuchelewa. Sisi tulikisikia. Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe na uji wake haujaguswa.

Siku ya pili alivuka. Jioni alirudi na vumbi la pamba kwenye nyusi, bila harufu ya mafuta. Alikwenda kwa jirani, akasimama nje, mgongo umeelekea mlango, kama inavyompasa mkwe.

"Mama, wameniondoa kwenye injini."

Bibi akauliza kutoka ndani, "Na hayo magunia, unayabeba kwa kichwa au kwa bega?"

"Kwa bega, mama."

"Mwambie mwanangu akupashie maji ya moto akukande."

Injini hakurudishiwa. Sisi ni Wasabato, na siku ya Sabato baba hakuvuka. Tulipokuwa njiani kwenda kanisani, baba amembeba mtoto begani, king'ora kililia ng'ambo. Baba alisimama, akasikiliza kama kimelia sawasawa, kisha akamhamishia mtoto bega la pili, tukaendelea.