Lenzi Arobaini za Dakta Eufrasia

Siku Dakta Eufrasia Luhaga alipoagwa kwa kustaafu, mgeni rasmi alisoma hotuba ya kurasa sita. Alimwita Eufemia mara mbili, kisha akasema kwamba miongoni mwa mafanikio makubwa ya mama huyu ni "ushirikiano wake mzuri na kampuni ya pamba mwaka tisini na sita." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa meza ya nyuma na paja la kuku mdomoni, nusura nipaliwe. Ushirikiano mzuri! Nilikuwa muuguzi wake miaka kumi na tisa, na huo ushirikiano niliuona kwa macho yangu.

Dakta alizaliwa Mwamanyili, kwa wakulima. Alipelekwa Moshi kusomea upasuaji wa macho, akarudi Bariadi akakuta hakuna aliyemwandalia hata taa. Alipewa stoo ya vitanda vibovu, akaipiga chokaa mwenyewe, akaanza kazi. Wagonjwa hakuwangoja waje. Siku za mnada aliendesha pikipiki mpaka kwenye mazizi, akasimama kwenye mavi ya ng'ombe akitazama watu. Mnunuzi aliyempapasa mbuzi mgongo mzima badala ya kumtazama, huyo alikuwa wake. Alimwendea na kumwinulia vidole. "Baba, hivi vingapi?" Wengi walimjibu kwa hasira kwamba hawakuja mnadani kuhesabu vidole. Mwezi uliofuata walikuwa wamelala wodini kwetu, wapole kabisa.

Basi soko huria likaingia. Makampuni yakamiminika Bariadi, kila moja na mizani yake na fulana zake za kugawa, yote yakitaka kupendwa na wakulima ili yaletewe pamba. Bwana Marcelo alikuwa meneja wa mojawapo. Jina la kampuni silitaji, ilikufa hata kabla viatu vyangu vya kazi havijachakaa. Wenzake waligawa fulana. Yeye, kwa kuwa alijiona ana akili kuliko wote, alileta katoni ya lenzi arobaini, zile zinazowekwa ndani ya jicho baada ya kuondoa mtoto wa jicho, ili mtu asivae miwani mizito kama kitako cha chupa. Sisi tulikuwa hatujawahi kupata zaidi ya tano kwa mkupuo. Nilimwona Dakta akiigusa katoni ile kwa mikono yote miwili. Kwenye orodha yetu walikuwapo watu arobaini.

Lakini Bwana Marcelo hakuleta zawadi bure. Alitaka mgonjwa mmoja afunguliwe bandeji kwenye kituo chake cha kununulia pamba, Ijumaa ya ufunguzi wa msimu, mbele ya wakubwa wa wilaya na mpiga picha. Akapita wodini kumchagua mwenyewe, kama anachagua dume la maonyesho. Akamchagua Mzee Mayala wa Lingeka, mrefu, mgongo umenyooka, ndevu nyeupe. Mzee huyu alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba kwa miaka ishirini na miwili. Jicho moja lilikwisha kuuawa na dawa ya majani aliyomiminiwa na shemeji yake. Lililobaki ndilo hilo la kupasuliwa tu.

Tulimpasua Jumatatu. Bwana Marcelo akaagiza bandeji isiguswe mpaka Ijumaa.

"Jicho hufunguliwa kesho yake asubuhi," Dakta akamwambia. "Likiingia usaha nisiuone mpaka Ijumaa, utakachokuja kuwaonyesha wakubwa wako ni shimo."

"Basi fungueni, halafu mfunge tena. Nani atajua?" Alisema hivyo uso mkavu, na kalamu mbili mfukoni. "La sivyo katoni inarudi Mwanza."

Dakta akaivuta katoni upande wake. "Katoni ibaki kwangu kuanzia leo. Ijumaa mzee utampata."

Bwana Marcelo akacheka, akakubali. Hakuuliza katoni itafanyiwa nini kabla ya Ijumaa, maana alidhani watu wa serikali hawafanyi kazi mpaka sherehe iishe.

Jumanne asubuhi tukamfungua mzee. Dakta akamsalimia kwa Kisukuma na kumwinulia vidole.

"Mwangaluka, baba. Hivi vingapi?"

"Mwangaluka, mayu," mzee akaitikia, yaani mama. "Viwili." Akakodoa. "Na koti lako umekosea vifungo."

Kweli Dakta alikuwa amekosea. Alicheka, na wiki ile sikumwona akicheka tena. Kisha akaketi kitandani akamweleza mambo ya Ijumaa. Mzee akamgeuzia mgongo.

"Miaka ishirini na miwili sijampunja mtu hata robo kilo. Leo niigize upofu?"

"Baba, nyuma yako wako watu thelathini na tisa. Nibebee aibu hii siku moja."

Mzee akausogeza pembeni uji wake. "Kwa hao, sawa. Ila kusema uongo kwa mdomo wangu, hapana."

"Sijakuomba uongo. Wakikuuliza unaona nini, sema unachoona."

Siku hiyohiyo tukaanza. Kumi Jumanne, kumi Jumatano, kumi Alhamisi. Shingo ya Dakta ilikaza hata akawa anageuka mwili mzima. Ijumaa walibaki tisa, akaingia nao chumba cha upasuaji, akanituma mimi kwenye upuuzi ule.

Kituoni kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, muziki wa kupasua masikio na vumbi la kutosha kuua macho kumi. Wakulima walipanga foleni na mafurushi yao ya pamba. Mizani ilikuwa imetundikwa palepale kwenye miti mitatu, ya duara kama saa, kubwa kama sinia. Bwana Marcelo alihutubia kuhusu huruma. Huruma! Wakati anahutubia nilimsikia mzee akinung'unika kwamba amefundishwa kusema, "Namwona mfadhili wangu." Nikanawa mikono, nikabandua plasta. Moyo wangu uliuma kumwona mtu mzima yule akipepesa kope kama mtoto kwa ajili ya picha.

"Mzee, unaona nini?" Bwana Marcelo akamsogezea kipaza sauti.

Mzee Mayala akamtazama, kisha akatazama nyuma yake.

"Naona mizani."

Watu wakashangilia. "Endelea, mzee, endelea!"

"Mshale wake umekaa kwenye tisini na sita. Na kulabu haijaning'inizwa kitu."

Muziki ukazimwa. Hakuna mkulima aliyehitaji kuelezwa. Mizani tupu mshale wake hukaa kwenye sifuri. Ule, kwenye duara la kilo mia, ulianzia kilo nne nyuma ya sifuri, kwa hiyo kila furushi lilikwisha kuibiwa kilo nne kabla halijapimwa.

"Jicho bado bichi!" Bwana Marcelo akapayuka. "Haoni vizuri huyu!"

Dakika moja nyuma jicho hilo lilikuwa muujiza wa kampuni.

"Basi asome mwingine," mzee akasema. Akaenda mkulima mmoja akasoma, wakaenda kumi. Kisha wakabeba mafurushi yao wakavuka barabara kwenda kampuni nyingine, ambayo mizani yake nayo mimi siiapii. Wakubwa wa wilaya ghafla wote walikuwa na vikao.

Bwana Marcelo akaruka ndani ya gari kwa hasira hata hakukumbuka kwamba mimi na mzee tulikuwa tumekwisha kukaa nyuma. Akatupeleka mpaka hospitali. Akaingia wodini akipiga kelele, "Katoni yangu! Naondoka na katoni yangu!"

Dakta akatoka chumba cha upasuaji, kofia kichwani, akamkabidhi katoni. Ilikuwa nyepesi.

"Lenzi ziko wapi?"

"Zimo machoni mwao. Muombe mmoja mmoja akurudishie yake."

Wodi ilijaa mpaka chini kwenye mikeka. Wa siku ile walikuwa na bandeji, wakageuza nyuso kufuata sauti yake. Wa Jumanne, Jumatano na Alhamisi walikwisha kufunguliwa, nao wakamtazama moja kwa moja, wote thelathini, wasipepese.

"Ni nani huyo, mayu?" akauliza Bibi Mhoja kutoka mkekani, bandeji usoni.

"Ndiye aliyeleta lenzi," Dakta akamjibu.

"Ee! Wabeja, baba," akashukuru kwa Kisukuma, na wodi nzima ikamwitikia, "Wabeja, baba, wabeja sana," huku yeye amesimama ameikumbatia katoni tupu, hajui pa kuuelekeza uso wake.