Mlio wa Karai Ukutani

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanafunzi wangu walinijua kwa sauti kabla ya kunijua kwa sura. Katikati ya miaka ya tisini nilifundisha hesabu katika shule moja ya wasichana Kisumu, na alfajiri, kabla ya kengele, nilifundisha kuogelea katika bwawa la klabu moja ya mjini. Klabu ilituazima bwawa kwa muhula mmoja tu. Meneja alinieleza bila kupepesa macho: msichana hata mmoja akishinda mashindano ya mkoa, lango litabaki wazi kwetu. La sivyo, turudi ziwani. Na ziwani gugumaji lilikuwa limefunika ghuba, huwezi kujua kilichojificha chini yake.

Tegemeo langu lilikuwa msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyekulia ufukweni, binti ya mama aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, soko la Otonglo. Maji yakiwa yamenyooka mbele yake, hakuna aliyemkaribia. Shida yake ilikuwa ukuta. Mbio za mita mia katika bwawa lile zilitaka ugeuke mara tatu. Wenzake walijipindua chini ya maji, wakausukuma ukuta kwa miguu na kutoka mbio. Yeye alishika ukingo, akainua kichwa, akatazama nyuma, ndipo akajisukuma. Alichokichuma kwa mikono yake alikimwaga pale.

Nilimfundisha kupinduka kwenye nyasi, nikamfundisha kwenye godoro. Nchi kavu alipinduka vizuri kuliko wote. Akiingia majini, kichwa juu! Wiki nyingi nilipiga kelele zilezile: "Kidevu kifuani! Usiangalie nyuma!" Mwishowe nikafoka, "Kwani unatafuta nini huko?"

"Kiboko, mwalimu."

Wenzake wakaangua kicheko. Nami nilitaka kucheka, nikaona yeye hacheki.

"Kwetu huwezi geuka hivyo tu," akasema. "Kiboko ikikuja haipigi hodi. Mpaka mtu akae kwa jiwe apige karai."

Nikaketi ukingoni, hasira zimeniishia, nikamwomba anieleze. Ufukweni kwao, watu wakioga, mama mmoja hukaa juu ya jiwe akiyachunga maji kwa macho, huku akigonga karai taratibu. Mlio ukiendelea, piga mbizi, geuka utakavyo. Mlio ukikoma, inua kichwa utoke. Niliona haya. Nilikuwa nimemkataza asiangalie nyuma, wala sikuwa nimemwekea mtu wa kumwangalilia.

Kesho yake nilitoka nyumbani Migosi na karai la mke wangu na kijiko. Nikachuchumaa ukutani, nikagonga. Ko, ko, ko. Msichana akaja, akapinduka, akapiga ukuta kwa nyayo zote mbili, akaibukia mbali kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Kwa furaha nilirusha mikono juu na karai likatumbukia majini. Mlio ulipokatika, naye akasimama katikati ya bwawa, kichwa juu, akitafuta kiboko. Tulicheka wote siku hiyo, na tangu hapo sikuacha kugonga hata nikipiga chafya.

Siku ya mashindano, katika bwawa lilelile, mwamuzi alinitazama mimi, akalitazama karai.

"Mwalimu, makocha wote nyuma ya kamba. Na hiyo chombo yako weka chini."

Nikaliweka chini. Kwake yule msichana, kimya kilimaanisha hatari, na tayari alikuwa amesimama mahali pa kurukia. Filimbi ikalia. Alifika ukuta wa kwanza akiongoza, akashika ukingo, akainua kichwa, akatazama nyuma. Alipoondoka alikuwa wa nne. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma, lakini kelele zangu alikuwa amezizoea.

Ndipo niliposikia ko, ko, ko. Mama yake, aliyekuja moja kwa moja kutoka sokoni, alikuwa kwenye uzio. Omena alikuwa ameimwaga kwenye leso, karai liko mkononi, analigonga kwa kopo lake la kupimia. Hakuna aliyemweleza kitu. Alikuwa ameketi juu ya jiwe lile la ufukweni miaka mingi.

Mwamuzi akamkimbilia. "Mama, wacha hiyo kelele!"

"Bwana, mimi si kocha," akajibu, na kopo halikupumzika. "Mimi ni mama yake."

Ukuta wa pili ukaja. Kidevu kifuani, akapinduka. Akaibuka wa pili. Ukuta wa tatu akapinduka tena, safi kabisa, na tangu hapo hadi mwisho hapakuwa na ubishi. Alishinda kwa urefu wa mkono mzima. Nililia hadharani, mimi mwalimu wa hesabu, na sikujifuta. Meneja alikuja kunishika mkono. "Jumatatu mje," akasema, "lango liko wazi."

Nikakimbia hadi kwenye uzio. Watu walikuwa wakiruka na kukumbatiana, na mama bado anagonga.

"Mama, ameshinda!" nikamwambia. "Imetosha sasa, pumzika."

Hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye maji.

"Bado yuko ndani," akasema, akaendelea kugonga mpaka binti yake akapanda ngazi na kukanyaga saruji.