Kizibo Kwenye Msumari

Wateja walimwita Mama Kizibo, naye hakuchukia. Hakuna boti iliyoshuka majini kwenye gati letu kabla yeye hajaizunguka nyuma, akainama, na kukigonga kizibo cha tundu la chini la kutolea maji kwa mpini wa bisibisi. Mtu mwingine angegonga mara moja akaridhika. Yeye aligonga, akaondoka, akasimama njiani kama aliyeitwa, akarudi akagonga tena.

"Umeshakigonga hicho, Mama Kizibo," daktari wa meno alimwambia kila Jumamosi. Huyu alikuwa mteja wetu wa siku nyingi, mnene, mcheshi, hodari wa kupoteza vyambo. "Mimi meno ya watu nayagonga mara moja tu."

"Jino likivuja mtu hazami," shemeji yangu alimjibu. "Nyamaza nifanye kazi."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anagonga nini.

Mama Kizibo ni mke wa marehemu kaka yangu. Kaka ndiye aliyejenga lile banda la mabati kando ya bwawa, chumba kimoja cha kulala, kimoja cha duka, na ubavuni karakana ninamotengenezea injini. Walioziba bonde hawakukata miti. Maji yalipanda yakaimeza ikiwa imesimama, na hadi leo matawi yake yako chini ya maji. Humo kwenye matawi ndimo anamokaa besi, yule samaki wa kijani mwenye domo pana. Ndiyo maana wavuvi wa starehe wanakuja, na ndiyo maana vyambo vyao havirudi.

Kaka alichonga vyambo vya mbao kwa mkono. Alivipiga msasa, akavipaka rangi na vanishi, kisha akavichora macho, jicho moja wazi na jingine limefumba. Chambo kilikukonyeza.

"Besi ni kama mwanamume," alikuwa akisema. "Akikonyezwa haulizi maswali."

"Wewe ulikonyezwa na nani?" shemeji aliuliza.

"Mimi nilivuliwa kwa wavu. Sikupewa hata nafasi ya kukonyezwa."

Walikuwa hivyo. Ukikaa nao unachoka kucheka.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Boti ikitoka majini huwekwa juu ya tela, pua imeinuliwa, na kizibo cha chini kinafunguliwa ili maji ya mvua yasikae ndani yakaozesha sakafu. Sasa, kizibo kilichofunguliwa ni rahisi kusahauliwa. Kwa hiyo kilifungwa kamba moja na ufunguo wa injini, vyote vikatundikwa kwenye msumari mlangoni, kwa ndani. Huwezi kuwasha injini bila kukishika kizibo. Hata mlevi alikuwa salama.

Jioni ile ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha. Shemeji alifungua kizibo, maji yakatoka, akakitundika. Lakini ufunguo kaka alikuwa nao mfukoni, alikuwa ameiwasha injini kidogo ili imalize petroli ya kwenye kabureta. Kizibo kikatundikwa peke yake. Shemeji alikuwa na homa, akalala mapema. Kaka alibaki karakana akipaka vanishi, akalala hukohuko. Alfajiri akaondoka na boti.

Shemeji alipoamka alikuta tela tupu, na kizibo cha shaba kikining'inia kwenye msumari.

Asubuhi ile ulivuma upepo wa ghafla. Kaka tulimpata kwenye matete, tukamzika. Boti haikuonekana. Watu walisema ni upepo, na mimi nilisema ni upepo. Yeye hakumwambia mtu yeyote ila mimi. Matanga yalipokwisha alinishika mkono akanipeleka mlangoni.

"Unaona hicho?"

"Naona."

"Basi usiniambie habari za upepo."

Tangu siku hiyo kizibo hakikuondoka pale. Hakukigusa, wala hakuniruhusu mimi nikiguse. Ukuta nyuma yake uliota alama ya kijani. Naye hakupanda boti tena, ingawa aliishi kwa boti.

Kazi aliijua kuliko sisi sote. Alimfundisha kila mteja kupitisha mshipi katikati ya vidole kabla ya kutupa, na akihisi mkwaruzo hata mdogo anakata kipande kizima bila huruma. Fundo alilibusu kwa mate kabla ya kulikaza, maana mshipi mkavu hujiunguza wenyewe. Ndoano alizijaribu kwenye ukucha: ikiteleza ni butu, inarudi kwenye tupa. Minyoo ya mpira hakuiweka sanduku moja na vyambo vya plastiki, kwa sababu huyeyushana, ukifungua unakuta uji wa rangi. Mimi aliniamuru kufungua propela kila mara nitazame kama mshipi umejisokota kwenye shafti, maana hukata sili, ule mpira wa kuzuia maji, kimyakimya na maji yanaingia kwenye oili. "Kikulacho ki nguoni mwako," nilisema siku moja, nikiutoa mshipi wa namna hiyo. Nilitaka kujiuma ulimi. Alinitazama, akatazama msumari, akaingia ndani.

Fimbo ya kaka ya kuvulia ilibaki ukutani, kigurudumu chake cha kukunjia mshipi kimepakwa mafuta, mshipi mpya kila msimu, ndoano imepachikwa kwenye ubao wa dirisha isije ikamchoma mtu. Kulikuwa na wakati, mchana mweupe, watu wamejaa dukani, kigurudumu kikalia chenyewe. Tik. Tik-tik. Kama samaki anayeonja. Mimi nilijua ni upepo unaolivuta dirisha. Yeye aliacha alichokuwa akifanya, hata kama ni hela ya mteja mkononi, akaenda mlangoni kukitazama kizibo. Kisha alirudi na uso wa mtu aliyeulizwa swali lilelile.

"Ni kaka yako," alinong'ona.

Nilimhudumia mteja mimi.

Mwaka mmoja mvua zilikataa. Bwawa lilianza kurudi nyuma, gati likabaki likinyoosha mguu kwenye tope. Halafu miti ikaanza kutoka. Kwanza vidole, halafu mikono, halafu msitu mzima mweusi umesimama bila jani. Na kwenye kila tawi kulikuwa na vyambo. Vyekundu, vya fedha, vya kijani, vyote vilivyokatika miaka na miaka, vimening'inia na mishipi yake. Jua likipiga vinametameta, upepo ukija vinagongana. Hata ukiwa dukani ulivisikia. Wateja waliupenda ule mlio. Shemeji alifunga dirisha la upande ule.

Jumamosi moja daktari wa meno alikuja na matope hadi magotini.

"Mama, nimekuletea mtoto wako," alisema, akaweka chambo mezani. Ndoano zake zilikuwa kutu tupu, lakini jicho lilikonyeza. "Nimekichuma juu ya mti kama embe. Viko vingi vya hivi, vimefuatana kuelekea kule kwenye mkondo wa zamani. Na huko mwisho kuna boti."

Tupa ilisimama mkononi mwa shemeji.

"Boti gani?"

"Ya faiba. Rangi imetoka, zamani nadhani ilikuwa bluu. Sikuifikia, tope limeniogopesha na huu mwili wangu." Alitutazama, akaacha kutabasamu. "Kulikoni? Nimesema vibaya?"

"Hukusema vibaya," nilimwambia.

Shemeji alikwenda mlangoni. Alikitazama kizibo kwa muda, kisha akanyoosha mkono akakitoa. Pale kilipokuwa palibaki duara la kijani. Alikitia mfukoni.

"Shemeji, twende," aliniambia.

"Leo?"

"Mvua ikirudi itaifunika tena. Nimeishi na kizibo hiki bila kuliona tundu lake. Leo nitaliona." Akanigeukia. "Nawe, tukikuta tundu liko wazi, usinidanganye. Usianze upepo, upepo."

Nilimwahidi, na njia nzima niliomba nisiwe wa kwanza kufika.

Tulipita kwenye miti. Tope la juu lilikuwa limekauka na kupasuka, chini laini, tukapima kina kwa ufito kila hatua. Vyambo vilikuwa juu ya vichwa vyetu. Vya kaka aliviona kabla yangu.

"Hiki alikitia rangi ya kucha zangu, bila ruhusa. Hiki kilimshinda, alikichonga upya mara ngapi sijui." Akakigusa kwa kidole, kikazunguka kikamkonyeza.

Boti ilikuwa imekaa wima, nyuma yake imezama kidogo kwenye tope, injini ingali imefungwa. Nilisimama mbali kidogo, nikahisi kuna kitu hakikai sawa, wala sikujua ni nini. Pande zote ni pakavu. Lakini ndani ya boti niliona mawingu.

"Shemeji," nilisema. "Tazama."

"Natazama."

"Imejaa maji."

"Si ilizama? Ulitaka ijae nini?"

"Imejaa mpaka sasa. Bwawa limeondoka, yenyewe imebaki imejaa mpaka juu."

Yeye aliyekuwa akifungua vizibo maisha yake yote, akiyatazama maji yakitoka hadi tone la mwisho, hakuhitaji kuelezwa. Boti yenye tundu haitunzi maji. Alipiga magoti nyuma ya boti akaanza kufukua tope kwa mikono. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa bega.

Tundu lilikuwa limezibwa. Si kwa shaba. Lilikuwa limezibwa kwa mbao, zimezungushiwa utepe wa mpira wa tairi la ndani, zikavimba kwa maji zikashika kana kwamba zimeota humo. Kile kichwa kilichobaki nje kilikuwa kimechongwa haraka, alama za kisu zingali wazi. Lakini kilikuwa na macho mawili ya kuchorwa kwa kisu, moja wazi, moja limefumba.

Shemeji alikipangusa kwa kanga yake. Akakipangusa tena.

"Alikitafuta cha shaba," alisema. "Akakikosa. Mlango nilikuwa nimefunga kwa ndani."

"Ndiyo."

"Angegonga. Mbona hakugonga?"

"Ulikuwa na homa, shemeji."

Aliweka paji la uso kwenye ile faiba. Nilitazama pembeni nimpe nafasi, na ndipo nilipoiona kamba. Ilikuwa imefungwa nyuma ya boti, pale kwenye chuma cha kona, ikaenda imenyooka mpaka kwenye mti, fundo likiwa limezama ndani ya gome. Kila mvuvi anajua, ingawa wavivu hawafanyi: boti hufungwa kwa mbele, ili mawimbi yakija yapandwe na pua. Ukiifunga nyuma, palipo chini na pazito kwa injini, upepo ukigeuka mawimbi yanaingia mgongoni kama wageni wasiobisha hodi.

Nilikuwa nimeahidi kutodanganya. Nikamwonyesha.

Aliinuka. Aliifuata kamba kwa macho mpaka kwenye mti na kurudi. Kisha akaipiga boti kofi.

"Nilimwambia!" alipiga kelele. "Nilimwambia huyu mtu! 'Funga mbele.' 'Aa, mke wangu, besi wako nyuma huku, nitatembea mpaka mbele kwa ajili ya kamba?' Hatua tatu, shemeji! Hatua tatu zilimshinda!" Alipiga tena, na tena, akimwita majina ambayo sitayaandika, na vyambo juu yetu vikigongana kama watu wanaopiga makofi polepole. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimgombeza. Mtu akidhani amemuua mwenzake, hamgombezi. Nilifurahi kumsikia.

Daktari wa meno alitufuata akiwa na tela, kamba ndefu na vijana wa gati. Aliizunguka boti, akashika kiuno.

"Nzito hivi haivutiki. Tung'oe kizibo maji yatoke."

Shemeji alisimama mbele ya tundu. "Mtachota kwa ndoo."

"Mama, kwa ndoo mpaka lini?"

"Wewe daktari, kila kitu kung'oa tu? Chota."

Tukachota. Hata yeye mnene alichota, bila kuuliza tena.

Siku hizi wateja wanashangaa. Boti zote zilizo kwenye tela zimefunguliwa vizibo, pua juu, kama sheria inavyotaka, na kila kizibo kimefungwa kamba moja na ufunguo wake. Boti ikishuka majini, shemeji anakigonga mara moja, anakwenda zake. Kile cha shaba alimpa daktari wa meno, aliyepoteza cha kwake. Ila iko boti moja ya bluu iliyochakaa ambayo haikodishwi na haifunguliwi. Mvua zimerudi, miti imerudi chini na vyambo vyake, na kila ikinyesha boti ile inajaa. Utamkuta asubuhi amekaa ukingoni mwake akichota maji kwa kopo. Mara nyingine anaongea, na kwa sauti yake utajua kuna mtu anagombezwa.

Juzi nilikuwa dukani naye, kigurudumu kikalia. Tik. Tik-tik. Nilimtazama. Hakwenda mlangoni. Aliendelea kunoa ndoano.

"Nimekusikia," alisema, wala hakuwa akisema na mimi. "Funga mbele."