Moto wa Kando ya Kitanda

Katika yote aliyosema daktari, nilisikia jambo moja tu: mama aongeze uzito kwanza, ndipo dawa ianze. Bila mwili, alisema, dawa itamwangusha kabla haijaugusa uvimbe. Mengine yalinipita. Nilitoka pale nimemshika mama mkono, na kichwani mwangu kulikuwa na neno moja, ale. Kama ni kula tu, nilijiambia, basi hili tutaliweza, maana kwetu hakuna aliyewahi kushindwa na sahani.

Sikujua nilichokuwa nikisema. Uvimbe ulikuwa kooni. Viazi, nduma, mkate, vyote vilikuwa vimeshamkataa, na hata uji wa wimbi niliouchuja kwa kitambaa ulipita ukiwa moto tu. Ukipoa, koo linajifunga. Na alikula polepole mno. Anachukua kijiko, anafumba macho, anameza, kisha anapumzika kama mtu aliyepanda ngazi zote za jengo letu. Kikombe kinapoa kabla hajafika nusu. Mimi nikiinuka kwenda jikoni kuupasha, yeye anasema, "Wacha tu, mami. Usijisumbue. Imetosha."

Hiyo "imetosha" ilikuwa ikiniua. Huyu ni mwanamke aliyeuza sweta za mitumba Gikomba tangu nikiwa mgongoni mwake, aliyerudi jioni kwenye chumba chetu kimoja kule Makadara na kupika kabla hajavua viatu. Kuhudumiwa hakukujua. Kila nilipoinuka kwenye kile kiti alihesabu kwamba amenitaabisha, na mlo ukaishia hapo.

Nilijaribu thamosi. Uji ulilala humo ukawa mzito, na kile kidogo nilichomimina kilipoa vilevile. Nikafikiria jiko la makaa, lakini mwenye nyumba wetu hapa Tassia amepiga marufuku makaa ndani ya fleti, na kwa hilo ana haki, maana watu wamelala na jiko chumbani wasiamke. Nilichotaka ni moto mdogo pale pale kando ya kitanda, ili nisiinuke, na yeye asipate nafasi ya kusema nisijisumbue.

Niliupata Gikomba, nilikokwenda kununua kitambaa, kwa kuwa nashona mapazia nyumbani. Mwanamke aliyekuwa jirani wa mama sokoni siku hizi anauza vyombo vya mitumba, na katikati ya vikaango na birika zake niliona kisufuria chekundu cha chuma kizito, kimekaa juu ya miguu mitatu. Chini ya miguu hiyo palikuwa na kikombe kidogo cha kuwekea moto, na kando yake kifuniko chenye mkono mrefu, cha kuuzimia.

"Hii ni ya wazungu," akaniambia. "Wanayeyusha cheese hapa juu, wanaizunguka, kila mtu anachovya mkate wake wakipiga story. Moto unakaa tu chini, chakula hakipoi mpaka mshibe."

Sijui alichokiona usoni mwangu. Alikifunga kwa gazeti, akakataa pesa yangu. "Mwambie mama yako asirudi huku kabla hajanona," akasema. Nilitembea mpaka barabarani nikilia mbele ya watu wa mikokoteni, na sikujali.

Sufuria bila moto ni pambo, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Nilianza na mafuta ya taa kwa sababu ndiyo niliyoyajua. Yalitoa moshi mweusi na harufu iliyojaa chumba, mama akakohoa, na kukohoa kwake kulikuwa kama kuraruliwa kwa ndani. Nilifungua madirisha yote na kuyamwaga chooni nikijitukana. Halafu nikaweka mshumaa mnene wa kanisani. Ulipasha kitako cha sufuria tu, uji juu ukashika ngozi. Nikahamia spiriti, ile ya rangi ya zambarau. Spiriti ina nguvu, sikatai. Lakini mchana moto wake hauonekani, unapaswa kusogeza kiganja ili ujue kama unawaka, na mama alisema inanuka sindano. Siku moja moto ulikuwa unafifia na yeye ndiyo kwanza ameanza kula vizuri, nikaongeza spiriti kikombe kikiwa bado moto. Uliruka ukalamba mkono wangu wa nguo na nywele zote za mkononi. Kuanzia siku hiyo nilijiwekea sheria: kikombe kikiwa moto hakijazwi wala hakiwashwi tena, hata iweje. Unangoja kipoe.

Mwisho nilipata jeli, ile inayowekwa chini ya sinia za chakula kwenye harusi. Haina moshi wala harufu, na hata ikipinduka haikimbii sakafuni. Ilikuwa ghali kuliko gesi yenyewe, lakini niliinunua nikiwa na furaha ya kijinga. Mama alikaa amewekewa mito mgongoni, kisufuria chekundu kando yake kwenye sinia juu ya stuli, uji ukitoa mvuke taratibu, na mimi nimeketi mbele yake sina sababu ya kuinuka. Alikula. Jamani, alikula! Aliuona hata mdomo wangu, ambao ulikuwa ukifunguka kila alipofungua wake bila mimi kujua.

"Funga mdomo," akasema. "Nzi wataingia."

Tulicheka, na kicheko kikamuuma, tukaacha.

Raha hiyo haikukaa. Moto ulianza kuzima kabla ya wakati. Nikichungulia kikombeni, jeli ipo, tena ya kutosha. Lakini moto umekufa, kikombe kinachoma, na sheria yangu ni ile ile. Nilipokuwa nikingoja kipoe mama aligeukia ukuta, akalala, uji ukabaki. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Nilimtazama shingo yake ikizidi kuwa nyembamba, ile kola ya gauni ikizidi kuwa pana, na tarehe ya kurudi kliniki inakuja mbio, nikaona kabisa kwamba mama yangu atakufa kwa sababu ya jeli mbovu.

Nilishuka ngazi zote hadi dukani kwa yule mwanamume aliyeniuzia, kopo mkononi.

"Umetia maji hapa!"

"Customer wangu, hiyo huja ikiwa sealed. Mimi nafungua wapi?"

"Kwa nini inazima ikiwa imejaa?"

"Pengine ni upepo."

"Upepo gani? Nimefunga madirisha mpaka tunakosa hewa! Nina mgonjwa juu, wewe unaniuzia maji!"

Watu walisimama. Niliita mtu mzima mwizi mbele ya wateja wake, naye akanipa kopo jingine bure ili niondoke. Hilo nalo likazima. Nikanunua la duka jingine, likazima. Nikarudi kwenye spiriti, harufu ya sindano na yote, nikasema heri inuke lakini iwake. Spiriti pia ikazima. Niliweka pamba mpya, nikasugua kikombe kwa jivu na waya, nikakipeleka dirishani nikitafuta ufa. Nilikuwa nikizungumza na kile kikombe kama mwendawazimu. Waka, nilikiambia, waka tu, ni nini umenishikia?

Nilipaswa kuona mapema. Sikuona kwa sababu sikuwa nikimtazama mama, nilikuwa nikitazama moto. Moto haukuzima hata mara moja nikiwa nimeketi pale. Ulizima nikiwa nimetumwa. "Niletee leso." "Angalia kama mlango umefungwa." "Ni kama simu yako inalia." Mtu asiyetaka kunisumbua alikuwa na vijishughuli vya kunituma katikati ya kila mlo, nami nikavikimbilia nikifurahi kwamba anaomba kitu.

Siku hiyo ilikuwa alasiri, na aliomba maji ya kusukutua. Nilipokuwa nikirudi na kikombe cha maji nilipita mbele ya kioo cha kabati kilichoelekea kitandani, na ndani ya kioo nikamwona. Alikuwa ameinama kutoka kwenye mito, ameshika ule mkono mrefu wa kifuniko cha kuzimia. Alikiweka juu ya moto kwa uangalifu, akangoja, akakiinua kuhakikisha, kisha akakirudisha mahali pake kwenye sinia. Akaegemea, akafumba macho.

Nilisimama pale mpaka maji yakamwagikia miguu yangu.

"Mama, umezima."

Hakujifanya. "Nimezima."

"Ni wewe siku zote?"

"Ni mimi."

"Kwa nini? Unajua daktari alisema nini! Unajua nimezunguka maduka yote ya hapa? Nimetukana mtu wa watu!"

"Hiyo nilisikia mpaka hapa juu," akasema, na akataka kutabasamu. Halafu akaacha. "Inauma, mami. Kila kijiko."

"Si ungesema?"

"Ningesema aje, na wewe umekaa hapo umenifungulia mdomo? Siwezi kukukatalia usoni. Nikaona heri moto ukatae."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika jinsi mtu anavyokasirika akiogopa kupita kiasi. Nilimwambia ananiacha kwa makusudi, kwamba alitulea kwa taabu kisha anataka kushindwa na uji. Nilimpigia magoti pale sakafuni penye maji, nikaweka uso kwenye blanketi lake na kumwomba. Niliomba kama mtoto anayenyimwa ruhusa, nikirudia neno moja. Alinipapasa kichwa. Hakuniahidi kitu. Alisema tu, "Sawa, tutajaribu," kwa sauti ile aliyotutulizia zamani mvua ikivuja chumbani na yeye hana la kufanya.

Tulijaribu. Nilichukua kile kifuniko nikakiweka mkononi mwake. "Kaa nacho," nikamwambia. "Ukichoka, zima. Lakini uzime nikiona." Na alizima nikiona. Siku nyingine alikula vijiko vichache, siku nyingine alipita nusu, nami nilipandwa na tumaini mpaka nikaona aibu nalo. Nilijifunza kuufunga mdomo wangu. Nilitazama mapazia, nikatazama mikono yangu, popote ila kooni mwake.

Asubuhi ya kliniki niliamka kupika mapema. Nilikuwa nimepanga kumvika sweta mbili nzito chini ya koti, zile zake mwenyewe za sokoni, ili mizani idanganyike kidogo. Ndiyo hali niliyokuwa nayo, kutaka kuibia mizani. Nilizikunja kwenye kiti, nikaleta uji, nikawasha jeli. Iliwaka vizuri. Ilikuwa imewaka vizuri siku zote, maskini.

Mama alitazama sweta, akanitazama mimi. Uji ulikuwa umeanza kutoa mvuke. Nilimpa kijiko, naye hakukipokea. Alichukua kifuniko, akanyoosha mkono pole pole nikiona, akakiweka juu ya moto. Hakuwa ameonja hata tone.

"Mama, tafadhali. Leo tu."

Alitikisa kichwa. Hakuwa amekasirika wala hakulia. Alishikilia kifuniko pale chini hata baada ya moto kufa, kana kwamba mimi ningeweza kukinyakua. Na ni kweli, nilikuwa nimefikiria kukinyakua. Nilikuwa na kiberiti mfukoni. Nilijua kwamba nikisema sana atakula, atameza hiyo miiba mpaka chini kwa ajili yangu, atavaa sweta na kupanda mizani. Ningeweza kumlazimisha kwa kukaa tu pale nimefungua mdomo. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kufanya hivyo, na sikufanya.

Nilitoa kiberiti mfukoni nikakiweka kwenye sinia. Nikazichukua zile sweta nikazirudisha kabatini. Nililia nikiwa nimempa mgongo, naye akaniacha nilie.

Nilipogeuka, alikuwa akiangalia sufuria. "Ungali moto huo," akasema. "Kunywa wewe. Tangu jana sijakuona ukila."

"Sina njaa."

"Kunywa."

Nikaketi kwenye kile kiti changu, nikakivuta kisufuria chekundu karibu, nikaanza kunywa kwa kijiko chake. Ulikuwa uji mzuri, wenye ndimu kidogo, moto sawasawa. Machozi yalinichuruzika na kuingia humo, nikayanywa pia. Sikuthubutu kuacha. Nilipoinua macho nilimwona ameegemea mito, ananitazama kijiko baada ya kijiko, na kila nilipofungua mdomo, wake ulifunguka.