Jozi Sita za Viatu Barazani

Jumamosi iliyopita, baada ya Adhuhuri, tulimzika hapa Jadida, Wete, mwalimu wa bayolojia ambaye wasomaji wengi wa safu hii walipita mikononi mwake. Hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu wa karibu. Nilimjua kwa sababu alihudhuria darasa langu la tafsiri ya Kurani kila Alhamisi, akikaa nyuma ya pazia pamoja na wanawake wenzake na kuuliza maswali mpaka wakamlalamikia kuwa anamchelewesha Shehe. Mimi nilishukuru. Anayeuliza humrudisha msomeshaji kitabuni.

Kisa ninachomkumbukia kilitokea miaka ya mwanzo ya vyama vingi, watu wa mtaa mmoja wenye vyama tofauti hawanunuliani samaki wala hawazikani. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa akileta samaki Wete kwa baiskeli kutoka Tumbe, alioa katika nyumba ya chama kingine, na mama yake hakulipenda jambo hilo. Mkewe akajifungua kwao mtoto wa kike mweupe mwenye macho ya paka, hali baba na mama wote ni weusi, na macho yao meusi. Bibi wa mtoto, yule mama wa kijana, akatamka mbele ya wageni: "Huyu si wetu." Kijana akanijia Alhamisi, darasa likimalizika, talaka ameshaiandika, imo mfukoni. "Ami, nambie tu, niipeleke leo au ningoje arubaini ishe?" Nikamwambia angoje. Sikuongeza neno.

Mwalimu alikuwa akitoka, akayasikia. Akainama mlangoni, akaokota jozi sita za kandambili za wanadarasa wenzake, akazipanga barazani. "Tazama, mwanangu. Tuseme hizi ndizo kromosomu, vibeba asili vya mwili wako. Kila jozi, kimoja amekupa mama yako, kimoja baba yako. Mkeo naye vivyo hivyo. Yai halichukui jozi, huchukua kimoja kimoja. Hapa cha kushoto, pale cha kulia, hakuna ajuaye." Akatengeneza yai la kwanza, akavirudisha vyote, akatengeneza la pili, kisha la tatu. Hakuna lililofanana na mwenziwe. Halafu akachomoa mkanda wa kandambili moja akautia katika ya pili. "Na kabla ya kuachana, hupeana vipande. Hata hicho kiatu chenyewe si kile ulichopewa." Jozi za kweli, akasema, ni ishirini na tatu, na huko kupeana vipande kulikwisha ndani ya mayai ya mkewe tangu mwenyewe yumo tumboni mwa mama yake.

"Mwalimu, changu cha kushoto ki wapi? Nimeacha chungu motoni!" akapiga kelele mama mmoja.

"Kimo ndani ya yai, bibi. Vuta subira."

Watu wakacheka. Kijana hakucheka. "Sasa macho haya kayatoa wapi?"

"Kila mmoja wenu alikuwa nayo yamejificha, yakakutana. Shehe, kwenu hayakuwapo?"

Ndipo nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba, binti wa Kimanga, Mwarabu wa Omani, ambaye macho yake ya paka niliyatazama utoto wangu wote. Nikalisema hilo mbele ya watu. Mwalimu akanikumbusha kwa adabu kwamba mimi ndiye niliyewasomesha habari ya bedui aliyemshitakia Mtume (s.a.w.) kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, akaulizwa rangi za ngamia wake, akakiri kuwa kati ya wekundu yumo wa kijivu, akaambiwa huenda na mtoto naye ni asili iliyomvuta. Hadithi hiyo ninayo tangu chuoni. Ilipotakiwa, sikuitoa.

Kijana aliichana talaka akapanda baiskeli kwenda kwa wakwe. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia: "Viatu vya watu umeviamini. Mie mkeo hukuniamini." Alikaa kwao mwaka mzima ndipo akarudi. Nilipomhadithia mwalimu, hakujisifu. Alisema tu, "Na wewe Shehe, kamtake radhi huyo mke." Nilikwenda, kwa kuchelewa. Yule binti akanikaribisha vizuri, akanipa kahawa, akasema, "Ami, wewe ulikuwa wa kusema siku ile ya kwanza."

Dini yetu imemtaka anayeshutumu alete mashahidi. Haikumtaka mzazi aliye kitandani ajitetee. Nililijua hilo kabla kijana hajafika kwangu. Namshukuru Mola aliyeniletea mtu wa kunizindua, na ninamuomba amrehemu. Nawe unayesoma, akikujia mtu na shaka ya namna ile, usimwambie angoje. Mjibu hapo hapo, kwa sababu kuna mwanamke mahali fulani anayesubiri kusikia ulisema nini.